Siku ya Kuhama: Gharama ya Kupanga katika Miji Minne ya Bandari

Kila mwaka hutolewa orodha za miji ghali duniani, na kwa upande wa makazi nyingi hutazama jambo moja: mpangaji analipa kiasi gani kwa mwezi. Kipimo hicho ni chepesi kusomeka, lakini kinaficha mengi. Hakisemi fedha hizo zinalipwa lini, hakisemi kama zinarudi, wala hakisemi nani anabeba hasara nyumba inapobomoka, ardhi inapouzwa au mwenye nyumba anapofilisika. Nyumba njema si mlango, na kodi ya mwezi ni mlango tu. Hapa nailinganisha miji minne ya bandari, yaani Dar es Salaam, Mombasa, Mumbai na Busan, kwa kuitazama siku ya kuhama pamoja na siku ya kuingia. Mpangaji anapofunga mizigo yake, anaondoka na nini mkononi?

Kwa maumbile, miji hii ni ndugu. Mji wa bara unaweza kutanuka kila upande, ilhali mji wa pwani umefungwa na maji walau upande mmoja. Mombasa ya asili ni kisiwa. Mumbai ilikuwa visiwa saba vilivyounganishwa kwa kufukia bahari hadi vikawa rasi nyembamba. Busan imebanwa kati ya milima na maji. Dar es Salaam ina nafasi zaidi, lakini nayo imekua kwa kufuata barabara nne, ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo sasa ni Nyerere, na ya Kilwa, na zote hurudi kukutana karibu na bandari. Kazi iko karibu na maji, ardhi ya karibu na maji ni haba, na wanaoitaka kazi hiyo ni wengi. Uhaba ni mmoja, ila kila mji umeugawa kwa desturi na sheria zake.

Tuanze na Dar es Salaam. Nyumba iliyowalea wakazi wake wengi ni ile ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko, choo na bafu vya wote. Kariakoo na Ilala zilijengwa kwa ramani hiyo, na hadi leo Temeke, Manzese na Buguruni zina nyumba ambazo mwenye nyumba anakaa na wapangaji wake chini ya paa moja. Chumba ndicho kinachopangwa. Maji, umeme wa Luku na zamu ya kufagia uwanja ni mambo ya kukubaliana, na yasipokubaliwa ni mambo ya kugombana. Mpangaji hununua faragha kidogo kwa fedha kidogo, na papo hapo hupata majirani ambao, kwa heri au kwa shari, wanajua amelala wapi.

Ugumu uko mlangoni. Desturi ya mji ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wako wenye nyumba wanaodai mwaka mzima. Dalali naye, kwa kawaida, huchukua kodi ya mwezi mmoja. Tuseme chumba ni shilingi 100,000 kwa mwezi: kijana aliyeshuka juzi kutoka mkoani anatakiwa awe na shilingi 700,000 kabla hajaweka godoro chini. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya 1984 ilipofutwa mwaka 2005, mambo mengi kati ya pande hizi mbili yameachiwa mkataba, na mkataba huandikwa na mwenye nguvu. Hata hivyo, mwenye nyumba naye ana hoja. Mara nyingi amejenga bila mkopo wa benki, na kodi ya miezi sita ndiyo inayonunua mabati ya chumba kinachofuata au kulipa ada ya mtoto. Malipo ya mbele pia humkinga na mpangaji anayetoweka. Siku ya kuhama ikifika, hesabu ya Dar es Salaam ni fupi: kilicholipwa kimeliwa, na mara nyingi hakuna amana ya kurudishwa wala ya kugombewa.

Mombasa, ng'ambo ya mpaka lakini katika lugha ileile, kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, na mbele huwekwa amana ya mwezi mmoja au miwili. Ramani ya nyumba ni ileile pia. Nyumba ya Majengo, pale kisiwani, ni dada wa nyumba ya Kariakoo, kwa ukumbi wake wa kati na uani wake. Kuingia ni rahisi zaidi kuliko Dar es Salaam, ingawa gharama nyingine hujitokeza baadaye. Maji ya bomba yanayotoka mbali, Mzima na Baricho, hayatoshi, na wakazi wengi hununua mitungi kwa wasukuma mikokoteni. Kwa hiyo kodi ya nyumba mbili zilizo sawa haimaanishi gharama sawa: yenye kisima chenye maji yasiyo na chumvi ina thamani ambayo mkataba hauitaji.

Lakini jambo linaloitofautisha zaidi Mombasa ni nyumba bila ardhi. Katika desturi ya pwani, ambayo sheria ya Kiislamu nayo iliikubali, mtu anaweza kumiliki kilichosimama juu ya ardhi bila kuimiliki ardhi yenyewe: mnazi wa huyu, kiwanja cha yule. Hivyo mtu hujenga nyumba yake, huiuza, huirithisha na kuipangisha, huku akimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Sheria ya Kiingereza ilifikiri kinyume, kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Waliowasilisha madai na kuyathibitisha wakapata hati, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Mifumo miwili ikabaki kuishi pamoja. Kwa hiyo Mombasa ina wenye nyumba ambao wenyewe ni wapangaji, si wa chumba, bali wa udongo ulio chini ya chumba.

Utaratibu huo una heshima yake na una hatari yake. Umewawezesha watu wa kipato cha chini kuwa na nyumba yao wenyewe karibu na bandari, bila kununua ardhi ambayo wasingeiweza kamwe. Lakini mwenye nyumba bila hati ya kiwanja hana dhamana ya kupeleka benki, na ardhi ikiuzwa huweza kupewa notisi. Siku ya kuhama, anachoweza kudai kwa uhakika ni mabati, mbao na milango yake. Thamani ya kukaa mahali pale, ambayo aliijenga yeye na majirani zake kwa miaka mingi, inabaki kwa mwenye ardhi.

Inafaa kusimama hapa, kwa sababu miji hii miwili ilikuwa na nafasi ya kufanana zaidi kuliko ilivyofanana, na tofauti yao inasomeka vizuri katika mwaka mmoja, 1963. Mwaka huo Tanganyika ilifuta umiliki wa ardhi usio na kikomo na kuugeuza kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99; baadaye ukawa haki ya kumiliki kwa masharti, na ardhi yote ikabaki mali ya umma. Mwaka huohuo, Oktoba, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, walibadilishana barua kuhusu ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, na mojawapo ya ahadi ilikuwa kwamba hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa pwani zitatambuliwa. Upande mmoja dola ilijiweka juu ya kila mwenye kiwanja, upande wa pili iliapa kutomgusa. Ndiyo maana mkazi wa Dar es Salaam akibanwa na kodi, ndoto yake ni kiwanja cha Chanika au Kivule, karatasi ya serikali ya mtaa, na tofali za kupandishwa haba na haba. Mkazi wa Mombasa akibanwa, swali la kwanza ni ardhi ni ya nani, na jibu linaweza kuwa ukoo ambao hajapata kuuona.

Ng'ambo ya bahari kuna Mumbai, mji ambao pwani yetu imefanya nao biashara tangu enzi za majahazi. Viwanda vya pamba vya karne ya 19 viliwavuta maelfu ya wafanyakazi, nao wakalazwa katika majengo yanayoitwa chawl: ghorofa kadhaa, kila ghorofa na ubaraza mrefu, vyumba vimepangwa mstari, na vyoo mwishoni kwa wote. Vyumba vya chawl zilizojengwa na serikali miaka ya 1920, kule Worli na Naigaon, vina takriban mita 15 za mraba, na humo familia nzima imeishi vizazi vitatu. Ubaraza wa chawl na ukumbi wa nyumba ya Kiswahili vilifanya kazi moja: kurudisha nje yale maisha ambayo chumba hakiwezi kuyabeba. Tofauti ni kwamba Kariakoo mwenye nyumba alikuwa mlango wa pili, ilhali katika chawl alikuwa kampuni, serikali au tajiri asiyeonekana.

Sheria ndiyo iliyoitenga Mumbai na miji mingine. Sheria ya kodi ya 1947 iliifunga kodi ya nyumba nyingi katika kiwango cha Septemba 1940. Mpangaji hakuweza kufukuzwa kirahisi, na haki yake ilirithiwa. Kodi ikawa ndogo kiasi cha kutokuwa na maana, na soko likatafuta mlango wa nyuma: pagdi. Anayeingia hutoa fedha nyingi mara moja, kisha hulipa kodi ya jina tu. Anayehama humpata mrithi wa nafasi yake, huchukua fedha zake kwa bei ya siku hiyo, na kwa desturi takriban theluthi humwendea mwenye jengo. Jambo hilo lilifanyika gizani hadi sheria mpya ya Maharashtra ya 1999 ilipoliruhusu, pamoja na kukubali nyongeza ya kodi ya asilimia 4 kwa mwaka. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Mahakama ya Juu ya India ilikuwa imesema kwamba kuigandisha kodi namna ile kulikuwa kumepoteza uhalali.

Kwa hiyo mpangaji wa Mumbai ya zamani, siku ya kuhama, huondoka na fedha. Amekaa kwa bei ya chini na ameuza nafasi kwa bei ya juu. Lakini gharama haikuyeyuka. Imehamia kwenye jengo, kwa sababu kodi ya mwaka 1940 haiwezi kulipa fundi wa leo, na tangu 1969 imebidi kuwe na bodi ya serikali ya kukarabati majengo yaliyochakaa. Kila masika majengo mengine huanguka na watu hufa. Imehamia pia kwa mgeni. Vyumba vya katikati ya mji vikishikwa vizazi na vizazi, anayewasili hupelekwa mbali, Virar au Kalyan, kuanza kila siku kwa safari ndefu ya treni iliyojaa. Nauli ya treni hiyo imewekwa chini kwa makusudi. Serikali inamlipia mgeni sehemu ya safari, naye analipa kwa saa zake.

Dar es Salaam nayo ilijaribu kumlinda mpangaji, lakini kwa njia nyingine. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wenye asili ya Asia, ambao babu zao wengi walitoka Gujarat na Kutch. India ilimwachia mwenye jengo hati yake na kumnyima kodi ya soko. Tanzania ilichukua hati na dola yenyewe ikawa mwenye nyumba. Njia zilikuwa tofauti, lakini malalamiko yaliyofuata yalikaribiana: kodi ilikuwa nafuu, na rangi, mabomba na ngazi havikuwa na mtu wa kuvitengeneza.

Busan ni mfano wa nne, na ndio unaomshangaza zaidi msomaji wa Afrika Mashariki. Kuna desturi ya Korea iitwayo jeonse. Mpangaji halipi kodi ya mwezi hata senti. Badala yake humkabidhi mwenye nyumba amana kubwa mno, mara nyingi kati ya nusu na asilimia 80 ya bei ya nyumba yenyewe, kwa mkataba wa kawaida wa miaka 2. Mkataba ukiisha, amana hurudishwa yote. Desturi hii ilienea mijini baada ya Busan na bandari nyingine kufunguliwa kwa biashara ya nje kuanzia 1876, na ikapata nguvu zaidi wakati wa ujenzi wa haraka baada ya Vita vya Korea, benki zilipokuwa zikikopesha viwanda na kuwasahau wenye nyumba. Mwenye nyumba alipata mtaji bila benki, na mpangaji alipata makazi kwa faida ambayo fedha zake zingezaa.

Hapo Busan inakutana na Dar es Salaam kwa namna isiyotarajiwa. Katika miji yote miwili mwenye nyumba amemfanya mpangaji kuwa benki yake. Kodi ya miezi sita hupandisha ukuta wa Mbagala, na jeonse hununua nyumba ya pili ya Haeundae. Lakini fedha za Dar es Salaam ni malipo na za Busan ni mkopo. Za kwanza haziachi deni, za pili zinaacha deni kubwa. Ndiyo maana mpangaji wa Dar es Salaam huogopa siku ya kuingia, na wa Busan huogopa siku ya kuhama. Tuseme nyumba ni won milioni 300, amana ni milioni 240, na mwenye nyumba ameongeza milioni 60 tu za kwake. Bei ya nyumba ikishuka hadi milioni 220, hana pa kutoa amana yote, hata akiuza. Mwaka 2022 na 2023 Wakorea wengi, hasa vijana, walipoteza amana zao, wengine kwa kushuka kwa bei na wengine kwa ulaghai wa wazi, na mwaka 2023 ikatungwa sheria maalumu ya kuwasaidia. Sheria ya kuwalinda wapangaji ilikuwepo tangu 1981, na shirika la umma linalodhamini amana hizo lina makao yake Busan. Lakini dhamana humfaa aliyeichukua mapema.

Busan imeipindua pia ramani ya mji wa pwani tuliyoizoea. Kwetu mwenye uwezo huenda kunakopiga upepo, Oysterbay na Masaki, au Nyali kwa Mombasa, na asiye nacho hujikuta bonde la Msimbazi mvua za masika zinapoingia. Busan ilipokuwa mji mkuu wa muda wakati wa vita hivyo, 1950 hadi 1953, wakimbizi walipanda milimani kwa kuwa ndiko kulikobaki. Huko Ami-dong walijenga juu ya makaburi ya zamani ya Wajapani, wakitumia mawe ya makaburi hayo kama misingi ya nyumba. Hivyo maskini wa Busan waliiona bahari yote kutoka juu, na walilipia mandhari hiyo kwa magoti, ngazi kwa ngazi.

Chini ya tofauti zote hizi kuna mfanano mmoja ambao orodha za miji hazijauona. Kila mfumo unadai fedha nyingi kwa siku moja, na watu wa kipato cha kila siku hawana fedha nyingi kwa siku moja. Jibu lao limekuwa moja katika tamaduni ambazo hazikuigana. Dar es Salaam watu hucheza upatu, Mombasa huingia chama, Mumbai huwa na bishi, Korea ina gye. Wote huchanga kidogo kidogo na kupokezana fungu zima, na katika kila moja ya nchi hizi wanawake ndio wamekuwa nguzo. Yale ambayo benki ingeyafanya kwa hati na riba, majirani huyafanya kwa kujuana. Baraza, ubaraza wa chawl na ngazi za mlimani, mbali na kuwa mahali pa kupitisha jioni, ndipo watu hujua nani anaaminika kupewa fungu la kwanza.

Nikiviweka vyote pamoja, sioni mji mmoja wa kuutawaza kuwa nafuu. Naona miji minne iliyochagua watu tofauti wa kubeba uhaba wa ardhi. Dar es Salaam imembebesha anayewasili, kwa kumdai miezi sita kabla hajapata mshahara wa kwanza. Mombasa imembebesha aliyejenga, kwa kuiacha nyumba yake juu ya udongo wa mwingine. Mumbai imembebesha mwenye jengo, na nyuma yake mgeni aliyefungiwa nje ya vyumba vya zamani. Busan imembebesha asiye na mtaji, na hata mwenye mtaji imemwachia wasiwasi wa mwisho wa mkataba. Kila uamuzi ulikuwa na akili yake wakati wake, na kila mmoja unalindwa hadi leo na watu wasio wajinga.

Hilo linatufaa tunapojadili mageuzi. Tanzania imesikika mara nyingi hoja kwamba kodi ilipwe mwezi kwa mwezi. Ni hoja ya haki kwa mpangaji, lakini anayeitoa anapaswa kueleza mwenye nyumba wa Kivule atapata wapi mtaji wa chumba kinachofuata, la sivyo kodi itapanda au amana itaingia, nasi tutakuwa tumehama kutoka matatizo ya Dar es Salaam kwenda ya Busan. Vivyo hivyo, anayetaka kodi zigandishwe aitazame kwanza Mumbai, na aseme nani atalipa fundi. Na orodha za miji zikitaka kutufaa, ziandike bei mbili kwa kila mji: ya kuingia na ya kutoka. Mtu anayechagua kati ya bandari mbili anahitaji kuzijua zote mbili kabla hajamwita dalali.